Printa Haina Macho: Karatasi na Wino Katika Picha za Nyumbani

Ndugu wapigapicha, wenzetu wa stesheneri, nanyi mnaochapa picha za familia mezani sebuleni, habari za asubuhi.

Swali linaloulizwa sana dukani ni hili: karatasi ipi hainywi wino? Tunalijibu leo, ila kwanza tuligeuze kidogo. Karatasi hainywi inavyotaka, inapokea inachomiminiwa. Anayemimina ni printa, na printa nyingi za nyumbani hazina macho. Haijui kama umeweka karatasi ya rimu ya gramu 80, karatasi ya picha ya gramu 260 au kipande cha kalenda ya mwaka jana. Inachojua ni aina ya karatasi uliyoichagua kwenye kompyuta au simu kabla ya kuamuru ichape. Kwa jina hilo, pamoja na ubora uliouchagua, inaamua imwage wino kiasi gani, kwa matone ya ukubwa gani, na hedi, yaani kichwa kinachonyunyiza wino, ipite mara ngapi. Karatasi yenyewe inaingia kazini baadaye, kuamua ni kiasi gani cha wino huo kitaonekana na kiasi gani kitapotea tumboni mwake.

Kwa hiyo wino unaharibika kwa njia mbili. Unaweza kumimina mwingi kwenye karatasi isiyoweza kuubeba, au ukamimina wa kutosha kwenye karatasi inayouzamisha, kisha ukaongeza tena kwa kudhani printa ndiyo dhaifu.

Tuone kiasi chenyewe. Picha ya 4R, yaani milimita 102 kwa 152, iliyojaa rangi kutoka pembe hadi pembe, hutumia takriban robo mililita ya wino. A4 nzima ni kama mara nne ya eneo hilo, kwa hiyo ihesabu karibu mililita moja. Robo mililita ni kama matone matano ya dawa ya macho. Lakini printa inayotoa tone la pikolita 3 (pikolita ni sehemu moja ya bilioni ya mililita) inaigawa robo hiyo kuwa matone zaidi ya milioni 80, na kila tone linatafuta pa kukaa. Likipata kitundu chake, linabaki doa dogo lenye ukingo mkali. Likikosa, linaungana na jirani yake na kuwa kidimbwi.

Hapa tuweke pembeni ile namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la wino. Kwa kawaida namba hiyo hupimwa kwa kurasa za kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24712, ambazo ni hati za kiofisi zenye nafasi nyeupe nyingi. Picha ina kiwango chake cha upimaji, ISO/IEC 29102. Ukinunua wino wa kurasa elfu kadhaa halafu ukachapa nao picha za harusi, usishangae chupa kushuka haraka. Hukuibiwa, umepimiwa kwa kipimo cha kazi nyingine.

Sasa gramu. Wengi huamini karatasi nzito ndiyo inayokunywa wino mwingi. Si kweli. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi, basi. A4 ya gramu 80 ina uzito wa karibu gramu 5, ya gramu 230 ina karibu gramu 14.3. Uzito huo wote ni mgongo tu. Wino unakutana na uso, na uso ni mpako ambao jicho haliwezi kuupima. Karatasi ya gramu 115 yenye mpako mzuri itatoa picha kali kuliko ya gramu 230 isiyo na mpako, kwa wino uleule.

Kwenye rimu ya kawaida hakuna mpako wa kushika wino. Wino wa picha kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hufuata nyuzi za karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Rangi inaenda nayo pembeni na chini. Pembeni inaleta ukungu kwenye kingo za picha. Chini inaleta weusi wa kijivu, kwa sababu rangi iliyozama haikamati mwanga ipasavyo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana ukichagua karatasi ya kawaida programu ya printa hupunguza kiasi cha juu cha wino kinachoruhusiwa. Ikivuka hapo, karatasi inalowa na kufanya mawimbi.

Karatasi ya mati, yaani isiyong'aa, ya kuchapia picha ina mpako wa unga laini unaoshika rangi juu. Picha inakuwa kali, ila weusi wake una dari. Wataalamu hupima weusi kwa densiti, namba inayokua kadiri weusi unavyokolea: karatasi ya mati huishia karibu na 1.5 hadi 1.7, ya kung'aa iliyo nzuri hupita 2.0. Ukishafika kwenye dari hiyo, kila tone jeusi la ziada halionekani. Yaani unalipia wino ambao macho hayatauona kamwe. Anayechapa kwenye mati huku printa akiwa ameiambia ni glosi, yaani ya kung'aa, anafanya kosa hilohilo, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Kwenye karatasi za kung'aa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa kuwa ziko za namna mbili na dukani zote zinaitwa glosi. Ya kwanza ni karatasi tupu iliyopakwa mpako, na mpako huo ukabanwa ukiwa bado mbichi kwenye ngoma ya chuma ya moto iliyong'arishwa. Kung'aa kwake kunatokana na ngoma hiyo. Ni ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa madukani. Ya pili ina utando wa plastiki pande zote mbili, kisha mpako wenye vitundu vidogo mno juu ya utando. Maji ya wino yanaishia kwenye vitundu, hayafiki kwenye karatasi ya ndani, ndiyo maana haifanyi mawimbi hata ukichapa anga la usiku.

Kuzitofautisha hakuhitaji mashine. Chana pembe. Ile ya bei nafuu inachanika kama karatasi yoyote, na mpako unapukutika unga. Ya plastiki inavutika kabla ya kuchanika, na ukitazama kingo utaona utando juu na chini na nyuzi katikati kama nyama ya sambusa. Au dondosha tone la maji mgongoni: likizama ndani ya dakika mbili tatu, hiyo ni karatasi tupu, likikaa kama lulu, kuna plastiki. Fanya hivyo kwa karatasi moja kabla ya kununua pakiti tano. Mwenye duka akikataa, nunua pakiti moja tu.

Kuna pia glosi isiyo yetu kabisa: ile ya mashine za leza na za viwanda vya uchapaji, ambayo wengi huiita atipepa. Inang'aa, inavutia, na haina vitundu vya kupokea wino wa majimaji. Ukiichapa kwenye printa ya wino, rangi inakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Kesho yake bado inapaka vidole, na kabla ya hapo imeshazipaka rola za printa, ambazo zitaipaka karatasi inayofuata. Matokeo hayohayo unayapata kwa karatasi nzuri iliyowekwa upande usio wake. Lowesha kidole kidogo, gusa pembe ya pande zote mbili: upande wenye mpako unanatanata.

Sasa turudi kwa ile printa isiyo na macho, tuone inachofanya ukiidanganya. Chukua printa za tangi, zile zinazojazwa wino kwa chupa, za rangi nne kama Canon G2010 na G3010. Nyeusi yake ni wino wa pigmenti, rangi nyingine tatu ni wino wa dai, yaani rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye maji. Pigmenti ni chembe zinazokaa juu ya karatasi, nzuri sana kwa maandishi kwenye rimu. Kwenye glosi chembe hizo hazishiki vizuri. Kwa hiyo ukichagua aina ya karatasi ya picha, printa inaiacha nyeusi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya sayani (samawati), majenta (wekundu wa zambarau) na njano. Ukiacha mpangilio kwenye "Plain Paper", yaani karatasi ya kawaida, huku umeweka glosi, inamwaga pigmenti kwenye uso usioitaka, na suti ya bwana harusi inafutika kwa kidole.

Upande wa pili wa jambo hili unawagusa wanaolalamika kwamba rangi zinaisha huku nyeusi haijagusika. Kwenye glosi, kila nywele, kila suti, kila kivuli ukumbini kinajengwa kwa rangi zote tatu. Picha ya usiku yenye watu watano na ukuta mweusi nyuma inakula wino kuliko picha ya ufukweni saa sita mchana, ambapo mchanga na anga ni karatasi yenyewe ikionekana. Kumbukeni printa hizi hazina wino mweupe. Nyeupe ni karatasi.

Printa za rangi sita kama Epson L805 zina dai tupu, pamoja na sayani nyepesi na majenta nyepesi. Hizo nyepesi hulainisha ngozi na anga zisionekane vidoti. Lakini wino mwepesi una rangi kidogo ndani yake, hivyo inabidi umwagwe mwingi zaidi ili kufikia kivuli kilekile. Kwenye karatasi nzuri ya picha, gharama hiyo inalipa: uso wa mtoto unatoka laini. Kwenye rimu vidoti vyenyewe vimeshatawanyika, na ulaini ulioulipia hauonekani.

Basi mtu ana karatasi ya bei nafuu isiyo na maelekezo. Achague jina gani kwenye orodha? Hapa ndipo penye pesa, na dawa ni jaribio linalokula karatasi moja tu.

Tengeneza picha ndogo ya jaribio, upana milimita 90 na urefu 60. Iwe na mambo manne: mraba mweusi kabisa, ngazi za kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi, kipande cha uso wa mtu, na maneno meupe membamba ya pointi 6 juu ya weusi. Iweke juu kushoto kwenye ukurasa wa A4 na uichape ukiwa umechagua karatasi ya kawaida. Subiri dakika kumi ikauke. Hamishia picha juu kulia, rudisha karatasi ileile, chagua mati, chapa. Kisha sehemu mbili za chini, moja kwa glosi ya kawaida na nyingine kwa glosi ya daraja la juu. Andika kwa kalamu pembeni ya kila moja ulichochagua, maana kesho utasahau. Ubora uwe uleule mara zote nne.

Acha saa moja, halafu isome karibu na dirisha, mchana, si chini ya taa ya njano. Maneno meupe yakiwa yamejaa, wino umezidi. Mraba mweusi ukiwa na madoa yanayong'aa kama mafuta, wino umezidi. Kijivu kikiwa na mabaka kama ukuta uliopakwa rangi kabla haujakauka, matone yameungana. Futa weusi kwa karatasi ya chooni kavu: ikitoka nyeusi, ama wino ni mwingi au ni aina isiyofaa kwa uso huo. Kisha panga zile zinazobaki kuanzia yenye wino kidogo, utafute mahali weusi unapoacha kuongezeka. Hapo hapo simama. Kwenye glosi nyingi za bei nafuu zisizo na plastiki, mpangilio unaoshinda si ule wa juu kabisa. Ule wa juu umetengenezwa kwa ajili ya karatasi ya plastiki ya mtengenezaji wa printa, na karatasi tupu haiwezi kubeba maji hayo yote bila kujikunja.

Anayetaka namba anaweza kupima. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, kama ile ya kupimia vito. Zima feni, funga dirisha, kwa sababu upepo unaichezesha A4 kama tanga. Pima karatasi, chapa picha iliyojaa ukurasa mzima, pima tena mara tu inapotoka kabla maji hayajaanza kuondoka. Tofauti ni wino uliokaa kwenye karatasi, na mililita moja ina uzito wa gramu moja na ushee kidogo tu. Pima kwa A4, usipime kwa 4R, kwa kuwa robo gramu ni ndogo mno kwa mizani ya bei rahisi. Na pima kabla na baada ndani ya dakika chache. Kwenye unyevu wa pwani, A4 ya gramu 230 ikivuta maji asilimia moja tu ya uzito wake inaongezeka gramu 0.14, na hesabu yako imevurugika.

Mizani hiyo haioni wino ambao haukufika kwenye karatasi. Sehemu ya huo hutokana na kuchapa bila mpaka. Ili pasibaki ukanda mweupe, printa huikuza picha ivuke kingo, na wino unaovuka unaangukia kwenye sponji ndani ya mashine. Tuchukulie inavuka milimita 3 kila upande. Kwa 4R eneo linakuwa milimita 108 kwa 158, yaani asilimia 10 zaidi ya picha yenyewe. Kwa A4 ni karibu asilimia 5. Kadiri karatasi inavyokuwa ndogo ndivyo hasara inavyokuwa kubwa, na sponji ikijaa printa inagoma hadi sponji ibadilishwe.

Njia mbadala ni kuchapa kwenye A4 yenye mpaka, kisha kukata. Ukiacha milimita 3 kila upande unabaki na eneo la 204 kwa 291. Wengi hupanga picha nne na kuziita 4R, lakini si 4R: zinatoka 102 kwa 145, pungufu ya milimita 7, na mteja ataona pengo kwenye albamu. Ukitaka 4R kamili zinaingia tatu: mbili zimesimama juu, moja imelazwa chini yake. Chini ya hiyo unabaki ukanda wa milimita 37, unaotosha picha nne za pasipoti za 35 kwa 45 zikilazwa. Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma. Mkasi unaupasua mpako kingoni.

Wanaokata karatasi kabla ya kuchapa wazingatie vumbi. Mpako ukikatwa hutoa unga mweupe, unga hupanda kwenye rola na hedi, na matundu yakianza kuruka mistari mtu anakimbilia kusafisha hedi. Mara nyingi usafi unafyonza wino wa rangi zote, hata zile ambazo hazina shida. Piga kingo za karatasi kwa kitambaa kikavu kabla ya kuziweka kwenye trei. Na kabla ya kuamuru usafi, chapa ukurasa wa kukagua matundu kwenye rimu. Unakula wino kidogo sana, na mara nyingi utaonyesha kwamba matundu ni mazima, kilichoharibu picha ni karatasi.

Kuhusu ubora wa juu kabisa kwenye menyu, tusipoteze muda: kwa 4R inayotazamwa mkononi, ngazi moja chini yake inatosha. Ongezeni pia hili: kama programu ya picha inasimamia rangi kwa profaili, yaani faili la maelezo ya rangi za printa na karatasi yako, zima usimamizi wa rangi wa printa. Zote zikisimamia, rangi zinakolezwa mara mbili na ngozi inaelekea wekundu.

Wenye katriji ndogo na wenye tangi hawana hesabu moja. Katriji nyingi ndogo za rangi hubeba chini ya mililita 10 kwa rangi zote tatu pamoja. Kwa robo mililita kila picha, hata hesabu ya matumaini haifiki 4R arobaini, na rangi moja ikiisha katriji nzima imekwisha. Huyo anunue karatasi ya plastiki bila kusita, kwa sababu kila picha iliyotupwa inamuuma upande wa wino. Mwenye tangi, chupa yake ya rangi kwa kawaida ni ya mililita 65 au 70 na wino wake ni rahisi. Kwake karatasi ndiyo inayogharimu zaidi kuliko wino, kwa hiyo asijinyime wino hadi picha ikapauka. Apunguze karatasi zinazoharibika.

Na zinaharibika sana kwa unyevu. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, karatasi iliyoachwa wazi kwenye trei usiku kucha asubuhi imeshavuta maji. Vitundu vilivyojaa maji ya hewa havina nafasi ya maji ya wino. Picha inachelewa kukauka, kingo zinavimba, na karatasi ikijikunja pembe inainuka na kugusa hedi. Mnaona ule mstari wa mkwaruzo mweusi kwenye kingo ya picha? Ni hedi imepaka. Pembe ikiinuka zaidi ya milimita 3 hivi, usiichape. Irudishe kwenye mfuko wake, uilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Ikibidi kuichapa, washa kwanza chaguo la karatasi nene au la kuzuia mkwaruzo, hedi itainuka kidogo.

Pakiti iliyofunguliwa ikunjwe mdomo, ibanwe kwa kibanio cha nguo, iwekwe na kale kapakiti ka chembe za kunyonya unyevu, na ilazwe bapa. Toa karatasi za kazi ya saa hiyo tu. Picha zilizochapwa kwa dai zikae wazi saa 24 kabla ya kuwekwa nyuma ya kioo, la sivyo mvuke wa wino utafanya ukungu ndani ya fremu.

Mezani hapa mbele kuna karatasi nne zisizo na majina, kikombe cha maji na kidondoshea. Njooni mzichane, mtuambie ipi ina plastiki na ipi ni atipepa.